Jinsi nilivyonyoosha miimo ya milango ya Mji Mkongwe kwa programu za bure

Wapiga picha wenzangu kadhaa walinishauri niiuze lenzi yangu ya milimita 14, kwa sababu kila mlango wa nakshi niliopiga nayo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ulitoka umepinda. Ushauri huo uliniudhi. Kichochoro hakikupi nafasi ya kurudi nyuma, na ukitaka kizingiti cha juu, miimo yote miwili ya kando na mfaa, yaani ubao wa wima wa katikati ya mlango, viingie katika fremu moja, huna budi kutumia lenzi ya pembe pana. Lenzi walizozisifu wao badala ya yangu bei yake inakaribia ya pikipiki.

Wengine walisema jambo lenyewe ni dogo: fungua programu, sogeza kitelezi cha mpindo mpaka mstari unyooke. Nilifanya hivyo kwa picha ya mlango mmoja mkubwa wenye misumari ya shaba. Kizingiti, kilichokuwa kimetuna kuelekea juu, kilianza kushuka vizuri, lakini kilipokaribia kunyooka, ncha zake mbili zilizo karibu na pembe za picha zikaanza kupanda. Nikirudisha kitelezi ili ncha zishuke, katikati kunatuna tena. Jioni nzima ilipita hivyo, ukiziba huku kunafumuka kule. Sababu ni kwamba lenzi hii haitunishi mistari kama pipa tu: mstari hutuna katikati, kisha hugeuka upande wa pili unapofika pembeni, mfano wa masharubu. Kitelezi kimoja kina namba moja tu ya kurekebishia, na umbo hilo linahitaji zaidi ya moja.

Lenzi zinazowasiliana na kamera kwa umeme hazina taabu hii, kwa kuwa faili hubeba jina la lenzi, urefu wa fokasi (zile milimita) na ukubwa wa kitundu cha kupitishia mwanga, na darktable au RawTherapee, programu za bure za kuhariri picha, huchukua vipimo vyake katika hazina huria ya Lensfun. Yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, haiandiki chochote katika faili, wala sikuikuta humo. Basi niliipima mwenyewe kwa Hugin, programu ya kuunganisha picha, ambayo ina kifaa cha kutafuta mistari iliyopaswa kuwa minyoofu na kukokotoa namba tatu, a, b na c, zinazoeleza mpindo wa lenzi.

Kifaa hicho kinataka mistari mirefu iliyonyooka kweli, na Unguja hakuna mirefu kuliko ya maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1970. Nilisimama mbali, nikaupitisha ukingo wa paa karibu kabisa na ukingo wa juu wa fremu, kisha nikaendelea kuinua kamera kidogo kidogo ili kila picha iwe na paa mahali pengine, kwa kuwa masharubu hujitokeza pembeni zaidi. Nyaya za umeme niliziepuka, maana hulegea, na programu huzidhania kuwa zimenyooka. Gharama yote ilikuwa nauli ya daladala na bando la intaneti.

Namba zile nilizihifadhi katika faili ya Lensfun ndani ya kompyuta yangu, na kizingiti kile kilichonisumbua kikanyooka kuanzia mwimo hadi mwimo mara tu nilipochagua jina la lenzi. Usijaribu hivyo kwa picha iliyokwisha kukatwa, kwa kuwa hesabu huanzia kitovu cha lenzi, na ukikata upande mmoja kitovu hakipo tena katikati. Acha pia nafasi kuzunguka mlango unapopiga, kwani unyooshaji hula kingo.

Michirizi ya zambarau na kijani kandokando ya misumari ya shaba iliondoka kwa programu kupanua au kupunguza kidogo picha ya rangi nyekundu na ya buluu hadi zilale sawasawa juu ya ile ya kijani. Giza ambalo lenzi huliacha pembeni nilitaka kuliondoa lote, lakini kuinua pembe kwa stopu 2 ni kuzidisha mwanga mara 4, kwa kuwa kila stopu huuzidisha mara 2, na chenga, yaani vidoadoa vya picha, nazo huinuka pamoja nao. Kwa hiyo huliacha kidogo. Ukungu wa pembeni ndio pekee ambao programu hainisaidii vya kutosha, na huo naupunguza kwa kukipunguza kitundu hadi kipimo cha f/8 kabla ya kupiga.