Kona ya fremu ikiachia usikimbilie unga wa mbao

Mafundi wenzangu wa hapa Bagamoyo hebu tuongee kuhusu hizi kona za fremu za picha, maana wachoraji wetu wanafanya kazi nzuri kweli halafu fremu inawaangusha, kona imeachia, mtu kajaza unga wa mbao na gundi, ukipiga vanishi panatoka doa. Inauma sana.

Wengi wanalaumu msumeno. Sawa, ila tupige hesabu: fremu ina kona 4, kila kona ina mikato miwili ya digrii 45, jumla mikato 8. Ukikosea nusu digrii tu kila mkato, kwa upande uleule, ukifika kona ya mwisho ushakusanya digrii 4, na kwa mbao ya upana wa sentimita 6 hapo pana uwazi wa karibu milimita 6! Ndo maana kona tatu zinakaa freshi ya nne inagoma.

Namba zilizoandikwa kwenye mashine mimi siziamini. Nakata mabaki mawili, nayakutanisha, naweka skwea, kile kipimo cha kona ya digrii 90, nainua juu kwenye mwanga, mwanga ukipenya narekebisha kwanza. Halafu urefu, hapa ndo watu wanapuuzia, pande zinazotazamana lazima zilingane kabisa, hata digrii ziwe sahihi vipi upande mmoja ukizidi milimita moja kona haifungi. Sipimi kila mbao kwa futi, nagongelea kibao cha kuzuia mezani, zote mbili zinagota palepale. Nakata ikizidi kidogo, namalizia na randa kali nikiwa nimeiegemeza mbao kwenye digrii 45, maranda yanatoka membamba kama karatasi ya sigara.

Gundi paka mara mbili, ule mkato unainywa.

Na hali ya hewa jamani. Mbao inasinyaa kwa upana, urefu karibu haubadiliki, kwa hiyo fremu iliyoungwa huku pwani kwenye unyevu ikienda Dodoma ikakauka, kona inafunguka kwa ndani huku ncha ya nje bado imegusana. Ikivimba ni kinyume chake, inafunguka kwa nje. Usimtukane fundi kabla hujaangalia uwazi uko upande gani. Mimi mteja akisema picha inaenda bara nachukua mninga mkavu, hauchezi sana, fremu naifanya nyembamba, na kila kona naichana kwa nje naingiza kibanzi cha mbao na gundi kiishikilie.