Gauti ilivyonikalisha, na kidonge nilichokitupa kabatini

Mi naishi Ngamiani hapa Tanga na baiskeli ndo miguu yangu, sasa we fikiria unashtuka saa nane usiku kidole gumba kimevimba, kimeiva kama nyanya, shuka tu likikigusa machozi yanatoka. Kupima, ndo gauti yenyewe, yuriki asidi, yani ile taka ya kwenye damu ambayo ikizidi inaganda kwenye viungo, iko 9.2. Daktari akaniandikia alopurino, dawa ya kushusha hiyo yuriki, 100 mg kila siku, basi nikameza, wiki ya pili mguu ukafumuka upya tena vibaya kuliko mwanzo, nikasema hiki kidonge ndo kinaniua, nikakitupa kabatini nikawa najipoza na diklofenaki, ambayo kumbe inatuliza maumivu tu, yuriki inabaki palepale.

Aliyeninyoosha ni binti mmoja wa famasi. "Baba jamani, si ungekuja kuuliza kwanza?" Akachukua kibahasha cha dawa akanichorea nyuma yake: maini, dagaa, hata seli za mwili wako zenyewe zikichakaa, zinaishia kuwa zanthini, halafu kuna kimeng'enya, yani kichapuzi cha kazi za mwili, kinaitwa zanthini oksidesi kinaigeuza iwe yuriki asidi, na kikiwa kazini kinatema na oksijeni kali kali, mojawapo haidrojeni peroksaidi, ileile ya kuoshea vidonda inayotoa povu!! Nikamwambia mwanangu unanitania, akasema wallahi. Sasa alopurino imefanana sana na chakula cha hicho kimeng'enya, kinaidaka kikijua ndo chenyewe, kinakwama, yani kama kanga ikinasa kwenye cheni ya baiskeli, unakanyaga pedeli wapi, haiendi.

Na ule mguu kufumuka? Yuriki ikishuka kwenye damu, zile chenga za yuriki zilizoganda miaka kwenye viungo zinaanza kuyeyuka na kubanduka, mwili unazishambulia. Ndo maana mwanzoni unapewa na kolchisini, dawa ya kuzuia mguu usifumuke, kidogo kidogo miezi kadhaa, mi sikupewa au nilipewa sikusikiliza, sijui.

Nikarudi kwa daktari, wakacheki figo, nikaanza upya na kolchisini, dozi ya alopurino ikapanda taratibu hadi 300 mg, lengo yuriki iwe chini ya 6. Ila ukiona vipele mwilini acha alopurino hapohapo ukimbie hospitali, hiyo binti alinirudia mara tatu, inaweza kuwa mbaya kweli.

Juzi nimepima, 5.4. Maini nimeacha kabisa. Supu ya pweza... kikombe kimoja ijumaa, mama watoto asijue.