Wiki Tuliyojenga Ukuta Juu ya Ukuta

Jumatatu ile ya Aprili, siku tano kabla ya ufunguzi wa maonyesho yetu ya picha, fundi rangi alibandua kipande cha rangi kwa ukucha akatuonyesha. Nyuma yake plasta ilikuwa imeota unga mweupe, laini, unaonata kidoleni kama chumvi iliyopata maji. "Kaka, huu ukuta unakunywa kutoka chini," alisema. "Mkipaka leo, Ijumaa mtakuta malengelenge."

Nyumba ya sanaa yetu ilikuwa sebule na chumba kimoja cha nyumba ya kupanga Kinondoni, upande unaoteremkia Mkwajuni. Wachoraji sita tulichangia kodi, na katika kila picha iliyouzwa asilimia 30 ilibaki kwa ajili ya umeme, rangi na mlinzi. Nyumba ni ya zamani. Msingi wake hauna nailoni ya kuzuia unyevu kati ya mawe na matofali, na masika maji ya uani husimama kutwa nzima. Ukuta wa kusini, mita 6.20, ndio uliokuwa mrefu kuliko zote na ndio wa kwanza kuonekana ukiingia mlangoni. Picha zote kubwa tulikuwa tumezipangia pale.

Kujua maji yanatoka wapi hakuna gharama. Unakata nailoni ngumu sentimita 30 kwa 30, unaibandika ukutani kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo, unaiacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa nje, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Fungua madirisha, washa feni. Matone yakiwa ndani, kati ya nailoni na plasta, ukuta wenyewe ndio unaoyatoa. Tulibandika vipande vitatu: usawa wa goti, usawa wa kifua, na juu ya kichwa. Jumanne asubuhi cha gotini kilikuwa kimejaa matone kwa ndani, cha kifuani kimefanya umande mwembamba, cha juu kikavu. Hiyo ndiyo sura ya maji yanayopanda kutoka msingini. Lingekuwa bomba linavuja, doa lingekuwa na kitovu chake.

Mmoja wetu alitaka tupake rangi ya mafuta mara mbili tumalize. Ni wazo baya, na katika mji huu linarudiwa kila masika. Rangi ya mafuta haizuii maji kupanda, inayafungia tu. Yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na chumvi inayokaukia nyuma ya rangi inaisukuma mpaka inapasuka. Ukitundika picha ya kitambaa juu ya ukuta wa namna hiyo, mgongo wake unashika ukungu ndani ya siku chache: vidoto vyeusi vinavyoanzia pale kitambaa kinapogusana na fremu, kwa sababu hapo hewa haipiti. Kwenye kitambaa cha marekani kisichopakwa kitu kwa nyuma, vidoto hivyo havitoki tena.

Tukaamua kuujengea ukuta ule ukuta mwingine. Mbao na plaiwudi tulizifuata Buguruni kwa kirikuu, na turubali lilifunika mzigo wote pamoja na pembe zake, maana plaiwudi ikilowa ukingoni tabaka zake zinaachana na haiwi tena na uso ulionyooka. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Karatasi tano zikisimama wima zinatoa mita 6.10, kwa hiyo zilibaki sentimita 5 kila mwisho, na tuliziacha wazi kwa makusudi. Dari ilikuwa mita 2.70. Tuliinua karatasi sentimita 10 kutoka sakafuni, juu zikabaki 16. Hewa ilitakiwa iingie chini, ipande nyuma ya ubao, itokee juu. Ukiziba chini kwa ajili ya urembo umejenga sanduku la ukungu.

Mbao za kushikilia zilikuwa za inchi 2 kwa 2, kumi na moja, zimesimama wima kila baada ya sentimita 61, ili kila kiungo cha plaiwudi kiangukie katikati ya mbao. Zilipakwa dawa ya mchwa siku moja kabla. Wima ni lazima. Mbao zikilala zinakata njia ya hewa. Kila mbao ilishikwa na skrubu nne za inchi 4, na hapo ndipo tulipopoteza nusu siku. Sehemu ya chini ya ukuta plasta ilikuwa imeoza kiasi kwamba plagi ya plastiki ilizunguka pamoja na skrubu bila kukaza. Drili ilikuwa inatoboa unga tu, haijafika kwenye tofali. Skrubu ya chini kabisa tukaipandisha hadi sentimita 40 kutoka sakafuni, matundu tukayaongeza kina hadi vumbi la kijivu la tofali lilipoanza kutoka badala ya vumbi jeupe, tukayapuliza kwa mrija kabla ya kuingiza plagi. Vumbi lililobaki tunduni ndilo linalofanya plagi iteleze, na watu wengi huruka hatua hiyo.

Mama mwenye nyumba alipita kelele za drili zikiwa zimepamba moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Matundu mangapi hayo?"

"Arobaini na manne, mama. Tutayaziba yote."

"Myazibe kabla hamjanirudishia ufunguo," alisema, akasimama kuangalia lile pengo la chini, akainama akapitisha mkono. Alielewa haraka kuliko baadhi yetu.

Plaiwudi ilikuwa ya milimita 12. Tuliipaka rangi ya maji pande zote mbili na kingo zote kabla ya kuipandisha, kwa sababu ubao uliozibwa upande mmoja hujikunja. Tulikuwa na mfano wa jambo hilo mle mle chumbani: picha moja ya zamani ya mtindo wa Tingatinga, juu ya hadibodi ya futi 2 kwa 2. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia mbao za namna hiyo na rangi ya mafuta ya kopo. Rangi hiyo inaziba uso vizuri sana, lakini mgongo wa hadibodi unabaki wazi unakunywa unyevu na kutanuka, kwa hiyo pembe zinakuja mbele na tumbo linaingia ukutani. Picha ile pembe moja ilikuwa imetoka karibu sentimita 2. Hatukujaribu kuinyoosha, rangi ya mafuta iliyokaa miaka mingi imekuwa ngumu kama kucha, ukiibinya inapasuka. Tuliilaza juu ya vigingi viwili vya mbao badala ya kuitundika, na juu ikashikwa na vibanio viwili vyepesi vilivyovikwa kitambaa.

Rangi ya ukutani, ambayo kwenye kopo wameandika masaa mawili, ilikauka kwa masaa tisa, feni mbili zikiwaka. Alhamisi saa nane mchana ndipo tulipolaza picha sakafuni juu ya mikeka kutafuta mpangilio. Tulikuwa na sharti moja ninaloliamini mpaka leo: hakuna anayetundika kazi yake mwenyewe. Mchoraji anataka picha yake ikae katikati na peke yake. Mwenzake anaona kwamba bluu ya picha ile inaua kijani ya jirani yake, na anaihamisha bila huruma.

Picha nne za ukuta wa kusini zilikuwa na upana wa sentimita 90, 60, 60 na 120, jumla 330. Mpango wa awali, wa ukuta wa 6.20, ulitoa nafasi tano za 58. Ukuta mpya wa 6.10 ukatoa 280 kugawa kwa tano, yaani 56. Kimo tulikiweka kwenye kitovu cha picha, sentimita 150 kutoka sakafuni. Hesabu yake: 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali wa kutoka ukingo wa juu hadi pale waya unapovutika. Picha ya kimo cha 90 ambayo waya wake unashuka 7 chini ya ukingo, kulabu yake inakaa 188.

Kosa lilikuwa kwenye ile 7. Waliopima picha mbili walivuta waya kwa kidole kimoja katikati, lakini kila picha ilikuwa inakwenda kwenye kulabu mbili ili isiiname mlango unapobamizwa na upepo. Waya ukishikwa sehemu moja unapanda kama paa la nyumba. Ukishikwa sehemu mbili unalala, hivyo kilele chake kiko chini zaidi. Picha mbili zilizopimwa kwa kidole kimoja zilikaa juu kuliko jirani zake, moja kwa sentimita 2, nyingine karibu 3. Pima maji ilisema kila picha imenyooka, na kweli ilikuwa imenyooka. Safu nzima ndiyo iliyokuwa inapanda na kushuka kama mawimbi. Tuligundua saa nne usiku, tulipovuta uzi kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ilibidi kung'oa kulabu nne na kupima upya, safari hii kwa vidole viwili vilivyoachana kadiri ya kulabu zenyewe.

Nyuma ya kila pembe ya chini ya fremu tuligundisha kipande cha kizibo cha chupa, nene sentimita moja, picha isiguse ubao. Ijumaa ilikwenda kwenye taa. Fundi umeme alikuwa amezifunga mita moja na nusu kutoka ukutani, na juu ya picha kubwa zenye rangi ya mafuta ukaja mng'ao mweupe uliofuta sehemu yote ya juu. Tulizisogeza hadi sentimita 70. Taa ikiwa kwenye dari ya 2.70 na kitovu cha picha kiko 1.50, umbali huo unatoa mwangaza unaoshuka kwa takriban nyuzi 30 kutoka wima, na mng'ao unarudi chini sakafuni, haumfikii mtazamaji machoni.

Jumamosi asubuhi lebo nusu zilikuwa chini. Tepu ya pande mbili haishiki masika. Ubao ulitupa faida ambayo ukuta wa saruji usingetupa: tulizichoma kwa pini. Jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, kipimo kikianza na kimo, kisha bei. Jina moja lilikosewa herufi, tukaichapisha upya kwenye duka la steshenari kona ya barabara, maana msanii anayekuta jina lake limekosewa haoni kingine chochote jioni ile.

Saa kumi na nusu jioni, nusu saa kabla ya wageni, mtu aliangalia mita ya LUKU ikasoma uniti 3. Feni mbili zilikuwa zimewaka tangu Jumatano usiku. Mmoja alinunua kwa simu, mwingine akasimama mvuani uani akiingiza tarakimu ishirini za tokeni, mara ya kwanza akikosea moja. Wageni walikuja wakiwa wamechelewa na foleni, viatu vyao vimelowa, tukaweka magunia mlangoni.

Picha zilikaa wiki tatu. Siku ya kuzishusha tulizigeuza moja moja chini ya tochi, tukitazama pale kitambaa kinapopinda juu ya fremu, na hakukuwa na hata kidoto kimoja. Kisha tulifungua karatasi ya kwanza ya plaiwudi. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepauka kuliko tulivyouacha, na chumvi ilikuwa imejimwaga yenyewe, imelala sakafuni katika mstari mweupe mwembamba kutoka mlangoni hadi dirishani. Mama mwenye nyumba akaomba mbao zisitolewe, akaleta ufagio mwenyewe.