Dodoma, jua lilelile la Dar lakini hewa nyingine kabisa

Mwezi wa saba umeshika kasi na asubuhi bodaboda wa hapa kituoni wote wako kwenye majaketi mazito na kofia za sufu, halafu ikifika saa nane mchana haohao wamejibanza kivulini wanatafuta maji. Mi nimekulia Dar na kazi ndo imenileta huku, na hili jambo linanikaa kichwani kila mwaka kwa sababu Dar na Dodoma karibu zinalingana kwa umbali toka ikweta, nyuzi 6 na kitu kusini, yani jua linalotupita utosini ni moja.

Lakini Dar mwezi wa pili mchana ni nyuzi 32, usiku unashuka hadi 24 au 25 basi, unalala na feni na shuka bado linakugandia mwilini. Bahari haiachii joto haraka, na unyevu uliojaa hewani unalizuia lisipande juu likapotea. Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya bahari, hewa kavu, mbingu nyeupeee bila wingu, jua likizama tu ardhi inaanza kupoa na hakuna cha kuizuia. Ndo unapata mwezi huu mchana 26, 27 na alfajiri 13 au 14. Tofauti ya siku moja inafika nyuzi 12 na zaidi! Wakati ukichukua wastani wa mwezi huu ukaulinganisha na wa mwezi wa kumi na moja, ambao ndo wa moto kuliko yote, tofauti haifiki hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Dodoma kuna baridi au joto namuuliza saa ngapi.

Na huo mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndo unaonichosha kweli. Jua limeshatufikia utosini mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mvua bado, ardhi imekauka haina hata unyevu wa kupoza, upepo unabeba vumbi mpaka kwenye vyombo, kipimo kinapanda 31, 32. Jua linarudi tena utosini mwezi wa tatu lakini safari hiyo linakuta mawingu na majani, mibuyu imevaa kijani, joto linakuwa la kistaarabu. Jua hilohilo! Huku kwetu mvua ndo inaamua joto, na mvua yenyewe inaanza mwezi wa kumi na mbili hivi ikaisha wa nne, ikichelewa wiki mbili tu unaona nyuso za watu zinavyobadilika, maana hapo si suala la kulala vizuri tena, ni uwele na mtama wa mtu.

Jana mama kapiga simu anakuja wiki ijayo, anasema "mwanangu huko si nusu jangwa, nibebe madera tu". Nikamwambia mama beba madera ya mchana, na sweta, na soksi, blanketi ninalo. Siku hizi nikifungua utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, naangalia kiwango cha chini kwanza, cha juu baadaye, na naomba wazazi wenye watoto wadogo mnaohamia huku mfanye hivyohivyo, mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kishati chepesi kwa sababu jana mchana kulikuwa na jua, anatetemeka njia nzima.