Andama mai: jinsi nilivyoacha kupotea Lamu

Jioni ya kwanza Lamu nilimpita punda mmoja mara tatu. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limepinda, kasimama chini ya wikio kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Mara ya kwanza nilimpiga picha. Mara ya pili nilijua nimekosea kona. Mara ya tatu niliona haya mbele yake, maana jua lilikuwa linatua, simu imebakiwa na chaji asilimia nne, na ramani yake tangu mchana ilikuwa ikinionyesha nimesimama juu ya paa la mtu.

Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba ya huku na ya kule ili wenyewe, hasa wanawake, wapite bila kushuka chini. Ukipita chini yake ni giza hata saa saba mchana.

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Morogoro: Tanga, Horohoro, kivuko cha Likoni, nikalala Mombasa, kisha basi la alfajiri kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, bara inapoishia. Njiani askari huwateremsha abiria kukagua vitambulisho. Mgeni awe na pasipoti mkononi. Yangu ilikuwa kwenye begi, begi limo tumboni mwa basi chini ya magunia ya watu, na abiria wote walinisubiri juani huku utingo akiyashusha moja moja. Hakuna aliyenitukana, ila hadi Mokowe hakuna aliyenisemesha pia. Pale unapanda boti, na haupiti muda mrefu mji unajitokeza, nyumba nyeupe zimejipanga zikitazama kisiwa cha Manda.

Nilikuwa nimeshafika Kilwa Kisiwani na Gede, nikadhani miji ya kale naijua. Kule ni magofu. Ukitaka kujua jambo unamwuliza mlinzi. Lamu ina watu tangu karne ya 14 walau, na msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, unatajwa kuwa wa mwaka 1370. UNESCO iliuweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini wenyewe hawajahama. Wanapika, wanagombana na mafundi, wanaanika nguo. Ukipotea unapotea mlangoni mwa mtu.

Nami nilipotea mlangoni mwa mzee aliyekuwa amekaa barazani akishona kofia, sindano inaingia na kutoka bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wapotea?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Andama mai."

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi mwaka wa 11 sasa. Nilisimama pale kama mtoto aliyeulizwa jedwali la saba. Andama nalijua, ila kwetu linatoka kinywani siku ya mwezi kuandama tu. Mai ndilo lililonishinda. Mzee akaona, akaelekeza sindano miguuni pangu, kwenye mtaro mwembamba uliopita ubavuni mwa njia, na maji machafu ya jikoni yakiteremka taratibu. Maji! Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, maji ni mai, njia ni ndia, mji ni mui. Niliyafuata yale maji ya kuoshea vyombo kwa heshima zote, na baada ya kona nne hivi nikatokea Usita wa Mui, ile njia kuu yenye maduka, na mbele kidogo nikasikia bahari.

Sababu yake ni nyepesi. Mji umekaa kwenye mteremko, na vichochoro vingi vinashuka kwenda pwani, iliyo upande wa mashariki. Maji yanakwenda huko, na anayeyafuata anafika huko. Usita wa Mui unakwenda sambamba na pwani, kwa hiyo ukishaufikia ni kuchagua tu, kulia au kushoto.

Kuchagua huko ndiko kulikonisumbua siku ya pili, mpaka nikagundua dawa yake mwenyewe, na hii najivunia. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Lamu. Misikiti ni mingi, kila mtaa na wake, na mihrabu ya msikiti, anaposimama imamu akielekea Makka, huchomoza nje ya ukuta kama tumbo. Tumbo hilo linatazama kaskazini, yaani upande wa Mkomani, kwenye nyumba nyingi za mawe, ambako nililala. Mgongo wa msikiti unakupeleka Langoni, upande wa kusini wa mji. Hata kwetu Morogoro kibla ni kaskazini, sema sikuwahi kuitumia kama dira. Kutoka hapo simu niliiacha chumbani.

Siku hiyo nilizunguka na kijana mmoja wa kutembeza wageni. Alinikimbiza: mlango wa nakshi huu, mlango ule, ngome, picha, haya twende. Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya Vita vya Shela, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda wa Pate na Mombasa, ikamalizika 1821. Baadaye ikawa jela, hadi 1984 ilipokabidhiwa kwa makumbusho. Niliirudia peke yangu. Makumbusho ya pwani pia nayo sikuyafaidi hadi niliporudi mwenyewe na kukaa mbele ya siwa mbili, zile baragumu kubwa za sherehe, ya pembe za ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu. Siwa ya Pate ni ndefu kuliko mimi.

Nilichokitaka hasa ni kuingia nyumba ya mtu, na mgeni hawezi kubisha hodi tu akaomba kuoneshwa chumba cha ndani. Asubuhi ya tatu nilimkuta bibi mwenye nyumba niliyopanga akichagua mchele kiwandani. Kiwanda kwao ni ule ua wa katikati ulio wazi juu. Nikajifunga khanga, nikakaa, nikavuta ungo. Tulichagua mchele kama nusu saa tukizungumzia bei ya nazi. Kisha akainuka mwenyewe, akasema, "Haya, ndoo uone," yaani njoo.

Unapoingia, kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua inakutoa kwa wageni na kukupeleka kwa wenyewe. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Nilipima kwa miguu, hatua nne fupi. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu upendavyo, hivyo mti wa pwani ndio uliopanga upana wa chumba. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, visanduku vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, ambamo zamani waliweka sahani za kaure. Mle mwake alikuwa ameweka dawa za presha, Kurani, na chaja. Kwenye birika la chooni kuna samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Niliwatazama muda mrefu kuliko siwa.

Kona moja ilikuwa imebambuka, chumvi imetoka nje kama unga. Mwanawe aliikarabati kwa simenti kwa sababu ni ya haraka. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, hunyonya unyevu na kuutoa. Simenti inauziba ndani, na ukuta unaoza taratibu nyuma ya sura nzuri. Fundi wa chokaa ataka siku nyingi na pesa zaidi. Bibi hakumlaumu mwanawe. Mimi pia, nyumbani kwangu, ningetumia simenti.

Kwa Langoni nitasema machache, kwa sababu huko mbinu zangu zilinigeuka. Nilitoka kuuona msikiti wa Riyadha, ule ulioanzishwa na Habib Swaleh, unaojaa watu wakati wa Maulidi, nikafuata mtaro kwa kujiamini. Mtaro uliishia kwenye rundo la mifuko ya plastiki na maji yaliyotuama. Mtoto wa miaka kama sita alinishika mkono bila kuniuliza, akanifikisha pwani, akadai bigijii mbili.

Siku ya kuondoka niliamka saa kumi na nusu kuwahi boti ya Mokowe. Umeme ulikuwa umekatika. Mitaro haionekani, tumbo la msikiti halionekani, simu nimeifunga kwenye begi kwa maringo. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, nikasikia mai yakitiririka upande wa kulia, nikayaandama kwa masikio, mkono ukipapasa kuta. Karibu na Usita wa Mui kwato zikalia nyuma yangu, nikajibana ukutani kumpisha punda na shehena yake ya mchanga, na mguu wa kushoto ukazama wote mtaroni.

Botini nilikaa karibu na nahodha, nikavua kiatu, nikayamwaga baharini.