Kiganja ukutani, Ngome Kongwe

Ndiyo kwanza tumerudi nyumbani, mimi na mpwa wangu wa miaka saba. Miguu bado ina mchanga.

Leo nimempeleka kuiona Ngome Kongwe ya hapa Bagamoyo. Tangu utotoni napita pale nikienda kununua samaki, na sikuwahi kusimama.

Nikaanza kumweleza. Ilijengwa karne ya 19, enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Tabora na Ujiji. Mwaka 1888 hadi 1891 Wajerumani waliufanya mji wetu makao makuu yao, na ngome ikawa ya askari wao. Imewahi pia kuwa gereza, na kituo cha polisi.

Mtoto hakuwa ananisikiliza. Kidole chake kilikuwa kimezama kwenye tundu la jiwe.

"Mjomba, hili si tumbawe? Kwani bahari ilifika mpaka huku?"

Nikainama. Kweli!

Ukuta mzima ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ya pwani nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Ni bahari iliyosimamishwa wima.

Nje jua linachoma. Nikaweka kiganja ukutani: baridi.

Nikawawaza wafungwa walioegemea pale usiku, wakiyasikia mawimbi haya haya, wasiweze kuyafikia. Koo likanikaba.

Ndugu zangu, nani alisimuliwa habari za ngome hii na babu au bibi yake? Niandikieni hapa. Mtoto anazisubiri kabla hajalala.