Mita 18 za Kwanza

Jumapili usiku, Njiro, Arusha

Mtu akijua nina Subaru Forester ya turbo, swali lake ni lile lile: inatembea ngapi? Anataka kusikia spidi ya mwisho. Mimi hiyo haininyimi usingizi tena. Kati ya hapa na Moshi kuna tochi za trafiki, bodaboda, malori na ng'ombe wasioangalia pembeni, kwa hiyo spidi ya mwisho ni stori ya kijiweni tu. Kinachonikaa kichwani ni kuondoka. Gari limesimama kabisa, taa inawaka, halafu nini?

Kwenye mashindano ya drag, mbio za kuondoka kutoka kusimama kwenye njia iliyonyooka, njia ina mita 402, robo maili ya Wamarekani, na kipimo cha kwanza huchukuliwa baada ya futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Wanaoujua mchezo husoma namba hiyo kabla ya nyingine zote. Gari lililowahi kushika spidi linakwenda na spidi hiyo njia nzima, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale mwanzo, mwisho wa njia unakuta imezaa zaidi.

Leo tulikuwa tambarare za chini ya Moshi, kwenye kipande cha lami ndani ya eneo la mtu binafsi. Mwenyewe ametoa ruhusa, geti limefungwa, koni zimepangwa, mitungi ya kuzima moto ipo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna vijana wanafanya mambo haya usiku kwenye barabara ya umma, na sitaki mtu aseme amesoma kwangu.

Nilikwenda na laptopu iliyounganishwa kwa waya na kontrol boksi, kompyuta ya injini, ndani yake RomRaider, programu ya bure inayorekodi kile injini inachofanya. Macho na masikio hudanganya hapa. Kuondoka kwenye kelele nyingi na kishindo mara nyingi ndiko kunakopoteza muda. Rekodi ikaonyesha wazi: klachi ikiachiwa kwa mkupuo kutoka mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika, matairi hayasereki. Yanashika yote manne. Injini ndiyo inayolazimika kushuka kuifuata spidi ya matairi, inaporomoka hadi chini ya 2,500, busti, ile hewa ambayo turbo huisukuma ndani ya injini, inapotea, na gari linakaa hapo linahema. Ukiwa ndani unahisi kama mtu amekushika shati kwa nyuma, halafu turbo inaamka wakati mwenzako ameshaondoka.

Mzee mmoja fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, aliyehudumia magari ya rali miaka mingi, alishanieleza jambo hili kabla sijawa na laptopu yoyote. Nilimkuta amekaa kwenye tairi, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo gari lina nini tena?"

Nikamweleza. Akacheka. "Mdogo wangu, kwenye vumbi fyuzi ni tairi. Unaachia klachi yote, tairi linachimba changarawe, giaboksi haisikii kitu. Wewe uko kwenye lami kavu, magurudumu manne yanavuta. Fyuzi umeitoa. Sasa hiyo nguvu itatokea wapi?"

"Kwenye klachi?"

"Au kwenye meno ya gia. Chagua mwenyewe."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, na nimetazama video nyingi. Gari linalovuta kwa nyuma tu, matairi yake yatasereka dereva atake asitake, na kule kusereka kunaiacha injini ibaki juu. Letu la magurudumu manne lina mshiko kuliko nguvu iliyopo chini ya mizunguko 3,000. Lazima kitu kiteleze. Ukikataa klachi iteleze, ama injini itazama, ama ukipandisha mizunguko sana na kuachia ghafla, kishindo chote kinakwenda kwenye gia. Na giaboksi za gia tano za Subaru za miaka ile hazisifiki kwa kuvumilia vishindo. Wenye STI, Subaru ya spoti, ya gia sita wako salama zaidi, nao wanalijua hilo na wanaringa.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mguu wa kushoto. Mizunguko inatulia kwenye 4,500, si kupanda na kushuka kama mtu anayetafuta kushangiliwa. Klachi inapanda haraka hadi inapoanza kushika, kisha mguu unasimama hapo hapo. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu gari likianza kuchomoka mwili unataka kuachia kila kitu. Unasubiri. Klachi inateleza, injini inabaki juu ya 3,500 ambako turbo iko macho, mguu wa kulia unaongeza mafuta kidogo kidogo. Gari likifika kama kilomita 30 kwa saa, injini na giaboksi zinakuwa zinakwenda sawa, hapo ndipo klachi inaachiwa yote. Jambo zima ni sekunde moja hivi, na gia ya pili inakuja kabla hujakaa sawa.

Sekunde hiyo ina gharama. Forester yangu ina uzito wa kilo 1,400 hivi. Kuifikisha kilomita 30 kwa saa kunahitaji kama kilojuli 50, na injini ikishikiliwa kwenye mizunguko ile ile wakati klachi inateleza, joto linalobaki kwenye klachi linalingana na nguvu iliyoingia kwenye mwendo wa gari. Yaani nusu kwa nusu: kilojuli 50 kwa gari, 50 kwa klachi. Hizo 50 za klachi zote zinaingia kwenye klachi pleti moja, fulaiwili na presha pleti, kwa muda wa kupiga chafya. Ndiyo maana baada ya kila mwondoko gari linarudi taratibu na kupumzika, na ile harufu ikianza, zoezi linasimama hata kama wenzako wanakuita. Kijana mmoja leo aliondoka, akarudi, akaondoka tena papo hapo. Harufu yake tuliisikia sote tukiwa mbali.

Kuna jambo la hewa, ambalo ushauri mwingi wa mitandaoni unalisahau kwa kuwa umeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Watu husema turbo inafidia. Inafidia ikishaamka. Kabla haijaamka, una injini ya lita mbili yenye mgandamizo mdogo, inayovuta hewa pungufu, na turbo yenyewe inachelewa zaidi kwa kuwa gesi za kuizungusha nazo ni chache. Kwa hiyo mtu wa pwani akikuambia aondoka na 3,800 na gari linaruka, usibishane naye. Kwake ni kweli.

Moshi iko chini kuliko sisi, nilitarajia faida kubwa. Lakini kuna jua. Hewa ya tambarare zile mchana wa nyuzi 33 ina uzito unaokaribiana na wa asubuhi ya baridi ya Arusha. Tuliondoka nyumbani gizani ili tufike mapema, na tofauti ya kuondoka kwa asubuhi na kwa saa saba mchana ilionekana kwenye rekodi bila kubishaniwa. Mchana huo huo kontrol boksi ilianza kurudisha nyuma muda wa cheche, yaani kuchelewesha kuwashwa kwa mafuta. Gari hili lilipangwa Japani kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani inayokaribia 100. Ukilipatia ya kawaida na hewa ya moto, injini inataka kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe, na kompyuta inajihami. Nguvu inapungua na huioni popote isipokuwa kwenye rekodi.

Kuhusu matairi sina mengi ya kusema. Nimeshusha upepo hadi PSI 28 yakiwa yamepata moto, basi. Wanaoshusha sana wanaiga magari ya kuvuta nyuma yenye matairi maalumu. Kwenye tairi la barabarani kuta zinalegea na gari linayumba. Lami yetu haina ile gundi wanayopaka kwenye njia za drag, ina vumbi, kwa hiyo ufagio umenisaidia kuliko shokapu yoyote niliyoonyeshwa bei.

Wenzangu wananishawishi nifunge tu-stepu, ule mpango wa kuizuia injini kwenye mizunguko fulani gari likiwa limesimama, ikate na kulipua, ili busti ianze kujaa kabla ya kuondoka. Inafanya kazi, sipingi. Ila ule moto unaowaka kwenye bomba unapita kwenye turbo, na turbo yangu kesho saa kumi na mbili na nusu inapeleka watoto shule. Mama watoto ameuliza swali moja tu niliporudi: kesho litawaka? Limewaka.

Nimekaa na rekodi hizi tangu saa mbili usiku. Ukiitazama mistari ya mizunguko, ile mizuri haina mvuto. Inashuka kidogo, inatulia, inapanda. Niliyoihisi ya hatari na ya kishujaa ina shimo katikati, na saa imeihukumu hivyo. Ile iliyonifanya nijione nimezembea, kwamba nimekaa na klachi muda mrefu kama mwanafunzi wa udereva, ndiyo yenye mita 18 za haraka kuliko zote za leo. Sijui nifanyeje na habari hiyo, mimi niliyenunua gari hili kwa ajili ya mlio wake.

Kabla ya kwenda tena nitamwaga mafuta ya giaboksi na ya difu ya nyuma, niweke mapya ya 75W-90, na nitapita kwa mzee Unga Limited aniangalizie klachi imebaki kiasi gani. Tanki nitalijaza nusu. Nataka nijaribu 4,200 asubuhi mapema, hewa ikiwa nzito, nione kama naweza kuipunguzia klachi joto bila injini kuzama.